Kila Jumapili Milisav Alihamia Hungaria

Mji wetu wa Brezovac, hapa Serbia, una watu wakaidi wa kujaza mabasi, lakini ukimtafuta aliyewapita wote utaelekezwa nyumba inayotazamana na yangu, yenye geti la kijani na ua uliojaa mizinga ya nyuki. Hapo anakaa Milisav. Mimi ni Rada, jirani yake. Dirisha la jiko langu linatazama dirisha la jiko lake, na sioni haya kusema kwamba huwa natazama.

Milisav alikuwa golikipa wa mpira wa mikono katika klabu ya kiwanda cha skrubu, enzi zile kiwanda kikitoa moshi na klabu ikijaza ukumbi. Vidole vyake vimepinda, kila kimoja upande wake. Mkewe Slavka alipofariki alimwachia binti mmoja, Neda, akiwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi. Mwanamume yule hakujua kusuka nywele wala kupika chochote zaidi ya maharage, basi akamfundisha mtoto kile alichokijua. Alichora goli kwa chokaa kwenye ukuta wa banda, akamsimamisha hapo, akawa anamrushia mipira mpaka giza linaingia. Sisi wanawake wa mtaa tulimsema sana. Neda mwenyewe alikuwa anacheka tu. "Baba, ongeza nguvu! Unarusha kama shangazi Rada!"

Akakua akawa kipa hodari kumshinda baba yake. Klabu moja ya kusini mwa Hungaria ikamchukua, na hadi hapo Milisav alikuwa akipita mjini kifua mbele. Lililoharibu lilikuja baadaye. Timu yetu ya taifa ilikuwa inamwacha nje kila mara, Wahungaria wakamwambia, chukua uraia wetu udakie huku kwetu. Neda akachukua. Alimpigia baba yake simu kumwambia, na jibu la Milisav nililisikia nikiwa kwenye bustani yangu, ng'ambo ya barabara.

"Siku utakayovaa jezi ya watu, mimi sikuangalii tena! Unasikia? Hata udake mpira kwa meno!"

Neda naye ni mtoto wa baba yake. Alijibu, kama alivyonisimulia mwenyewe, "Basi usiangalie," akakata simu.

Kwetu inadi ya namna hiyo, ukaidi wa kukomoana, si jambo la kuonea aibu. Mjomba wangu aliziba dirisha kwa matofali ili asiione nyumba ya kaka yake, akaishi gizani hadi kufa kwake, na mazishini watu walimsifu. Kwa hiyo hakuna aliyemwendea Milisav kumwambia aache upuuzi. Kwenye baa ya Gvozden walikuwa wanamchokoza tu.

"Milisav, binti yako kadaka penalti ngapi wiki hii?"

"Binti gani? Mimi nafuga nyuki."

Wanacheka, wanammiminia rakija nyingine, pombe yetu kali ya plamu, naye anakunywa akiwa amenyooka kama aliyemeza ufagio. Miaka ikapita hivyo. Neda alikuwa ananipigia mimi wakati wa Krismasi na Pasaka, ananiuliza kama baba anakula, kama kifua kinamsumbua, kama kuni zimetosha. Namjibu yote. Kisha anasema, "Usimwambie nimeuliza."

Sasa kuhusu VPN. Nilifanya kazi ya usafi Vienna kwa miaka mingi, na huko ndiko nilikojifunza. Mechi za kwetu zilikuwa hazionekani nje ya nchi. Ukifungua unaambiwa huko uliko haziruhusiwi. Mbosnia mmoja niliyefanya naye kazi akanionyesha: unawasha programu, unachagua nchi, na kuanzia hapo wenye matangazo wanaamini uko huko. Basi mchana nilikuwa nasugua ngazi za Waustria, jioni simu yangu iko Serbia. Niliporudi Brezovac mtaa mzima ukanifanya fundi. Huyu anataka mpira wa Uingereza, yule anataka mbio za magari, na wote wanadhani naijua kompyuta kumbe najua hilo tu.

Siku moja Milisav akagonga mlango wangu. Amenyoa ndevu, amevaa shati safi. Nikajua kuna jambo.

"Jirani," akasema, "kile kitu chako cha kuhamisha televisheni. Kinaweza kuonyesha uvuvi?"

"Uvuvi wa wapi?"

"Wa... wa nje."

"Nje wapi, Milisav? Dunia kubwa."

Akatazama viatu vyake. "Hungaria. Wana kambare wakubwa."

"Wewe? Kambare? Wewe hata mto huendi, unasema maji yanakuumiza magoti!"

"Rada, utanisaidia au utanihoji?"

Nilimsaidia. Nilimchomekea kiboksi kidogo nyuma ya televisheni, nikamwonyesha kitufe cha VPN, nikamwekea bendera ya Hungaria juu kabisa ili asipotee. Nikamwekea na chaneli ya michezo, huku naye anatazama dari akijitia hamnazo. Nilipofika mlangoni ndipo akasema, bila kunigeukia, "Ukimwambia mtu, sikujui."

Toka hapo, kila Jumapili mchana niliona pazia la jiko lake likivutwa. Ndani alikuwa anazima sauti ya televisheni, maana Kihungaria hakifichiki, na badala yake anafungua redio kwa sauti ya juu ili mtaa udhani anasikiliza muziki wa akodeoni. Mtu aliyemkataa bintiye kwa sababu ya kuwa Mhungaria, sasa yeye mwenyewe anahamia Hungaria kila wiki akiwa amevaa kandambili. Ningecheka kama isingekuwa inasikitisha.

Siri hiyo tulikuwa nayo wawili, kwa hiyo akawa ananihitaji. Mara kwa mara wenye chaneli walikuwa wanagundua ujanja na kioo kinabaki cheusi. Hapo utamwona anavuka barabara mbio na magoti yake yale.

"Jirani, wametufukuza! Wametutoa Hungaria!"

"Subiri nivae."

"Nusu ya pili imeanza, mwanamke! Njoo hivyo hivyo!"

Naenda, nabadilisha njia ya kuingilia, picha inarudi, na nikishafika nabaki. Hivyo ndivyo nilivyomwona akimtazama mwanawe. Hakuwa anakaa. Alikuwa anasimama mbele ya televisheni, magoti yamekunjwa, mikono wazi, na kila mpira uliomwendea Neda ulimwendea na yeye. Akidaka, Milisav anapumua. Akifungwa, Milisav anaushika ukingo wa meza. Alikuwa anasema naye kwa sauti ya chini: "Tulia, mwanangu. Usiwahi. Mwache arushe kwanza."

Yakaja majira ya baridi ambayo goti la Neda lilianza kumshinda. Alinipigia, na safari hii hakuuliza habari za kuni.

"Shangazi, huu ni msimu wangu wa mwisho. Daktari amesema basi."

"Pole, mwanangu."

"Nilikuwa nadhani siku moja baba angeniona nikidaka. Hata mara moja tu. Upuuzi, sivyo?"

Mimi si mtu wa kukaa na jambo la namna hiyo kifuani. Nikamwambia. Nikamwambia baba yako anakuona kila Jumapili, amesimama jikoni na pazia limefungwa.

Akasema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko matusi: "Shangazi Rada, asante. Lakini usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mechi zetu hazionekani Serbia. Zimefungwa."

"Kuna VPN, mwanangu!"

"Baba? Baba ajifanye yuko Hungaria? Angejifanya amekufa kwanza."

Hakuniamini. Na kwa kweli, kwa mtu anayemjua Milisav, alikuwa na haki. Nikatafuta cha kumthibitishia, nikakumbuka manung'uniko ya mzee ya kila wiki.

"Haya," nikasema. "Baba yako anasema unashusha bega la kushoto kabla mpira haujatoka mkononi mwa winga wa kulia. Anasema mawinga wote wa ligi wameshakusoma. Anasema tangu goti lianze kuuma ndiyo umezidi."

Nikamsikia analia, kilio cha mtu mzima anayejizuia.

"Goti sijamwambia mtu mjini kwenu," akasema. "Hata kocha hapa hajaliona hilo bega."

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa Milisav bila kuitwa. Nilitaka kuwapo. Mechi ikaanza, redio inalia akodeoni, na winga wa kulia wa wapinzani akaruka kurusha. Neda akatulia. Bega halikushuka. Mpira ukagonga mkono wake ukatoka nje, na Milisav akapiga kelele ya furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu Slavka akiwa hai. "Umeona? Umeona, Rada? Kalirekebisha mwenyewe!"

Kisha Neda akafanya jambo. Aligusa nguzo ya kushoto, akagusa ya kulia, akaruka na goti lake lile bovu akapiga mwamba kwa kiganja, akageuka akaitazama kamera. Hivyo ndivyo Milisav alivyokuwa akifanya kwenye klabu ya kiwanda kila alipookoa. Mji mzima tulikuwa tunaijua ishara ile, na huko Hungaria hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuielewa. Neda alikuwa anatabasamu.

Nilimgeukia Milisav nikitegemea machozi. Uso ulikuwa umemkauka.

"Nani kamwambia?"

"Milisav..."

"Nakuuliza, nani kamwambia?"

"Mimi! Mimi nimemwambia! Na ningemwambia mapema zaidi kama ningekuwa na akili! Mtoto analia huko anadhani baba yake kamsahau!"

"Kwa hiyo sasa anajua." Alisema hivyo kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imeungua. "Miaka yote hii nimesimama kwenye neno langu, na sasa anajua nilikuwa nachungulia kama mwizi. Kanishinda. Pale anatabasamu, umemwona? Kanishinda."

"Anatabasamu kwa kuwa anakupenda, we mpumbavu!"

Akapiga magoti nyuma ya televisheni, akachomoa kiboksi na waya wake, akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akaniwekea mkononi. Binti yake alikuwa bado golini wakati kioo kinazimika.

"Nenda kwako, Rada."

Nilikwenda. Nilimtukana njia nzima, na njia yenyewe ni ya kuvuka barabara tu.

Baridi ikaisha, ikaja mechi ya mwisho ya Neda, nayo ilikuwa fainali. Siku ile nilichomeka kiboksi kwenye televisheni yangu, nikafungua madirisha yote, nikapandisha sauti mpaka vyombo vikatetemeka kabatini. Kihungaria kikajaa mtaani. Milisav alikuwa uani kwake kwenye nyuki, ameshika mfuniko wa mzinga.

"Milisav! Njoo! Ni leo tu!"

"Nina kazi!"

"Kazi gani? Nyuki hawachezi fainali!"

Hakuja. Lakini hakuufunga mzinga wala hakuingia ndani. Alisimama pale pale na mfuniko mkononi, nyuki wanamzunguka, ameinamisha kichwa upande wa dirisha langu. Mtangazaji alipopaza jina la Neda, vile vidole vilivyopinda viliubana mfuniko. Neno hata moja hakulielewa. Alikuwa anasikiliza ukumbi ukishangilia na kuguna, anajaribu kuona kwa masikio. Nilitaka kutoka nikamburute kwa kola. Nilijua ningemvuta hadi kesho, asingesogea.

Timu ya Neda ilifungwa. Mwishoni wenzake walimbeba, naye akaitafuta kamera, akaitazama, na safari hii hakuonyesha ishara yoyote. Alitazama tu, kisha wakamshusha. Nilipochungulia dirishani, Milisav alikuwa ameshaingia ndani na mlango umefungwa.

Usiku huo huo Neda akaniambia kwa simu, "Nakuja. Nimechoka, shangazi. Akinifukuza, anifukuze."

Alikuja na gari lake, mwembamba, mrefu, anachechemea. Alishukia kwangu kwanza, kwa woga. Nilimshika mkono tukavuka pamoja. Milisav alikuwa ametuona, maana geti lilikuwa wazi na ua umefagiwa. Mezani chini ya mzabibu kulikuwa na kitambaa cheupe cha Slavka. Moyo wangu ukachangamka. Nikasema, kumbe ana akili.

Akatoka ndani akiwa amebeba sinia. Kwenye sinia kulikuwa na bakuli la jamu ya plamu, kijiko cha fedha na glasi ya maji baridi.

Kwetu mgeni hupokewa hivyo. Anakula kijiko kimoja cha jamu, anakunywa maji, anatumbukiza kijiko kwenye glasi, anashukuru. Mpima ardhi hupokewa hivyo, na padri, na wakwe wanaokuja mara ya kwanza. Mtu wa nyumbani hapewi. Mtu wa nyumbani anaingia jikoni, anafungua sufuria, anauliza mbona hakuna chumvi.

"Karibu," Milisav akasema. "Umesafiri salama?"

Neda aliitazama sinia muda mrefu. Kisha akachukua kijiko, akala jamu, akanywa maji, akatumbukiza kijiko kwenye glasi, kila kitu kwa utaratibu wake.

"Asante, mwenyeji. Jamu nzuri."

"Ya mwaka jana. Plamu zilikuwa nyingi."

"Njiani mvua ilikuwa kubwa."

"Huku hatukupata."

Nikafungua mdomo nipayuke, Neda akanibonyeza mkono. Walizungumza hivyo, habari za barabara na za nyuki, wameketi wima kila mmoja upande wake wa meza. Milisav akaleta kahawa. Neda akaimaliza, akasimama, akampa mkono. Mikono yao ilifanana; ya binti nayo ilikuwa imeanza kupinda vidole. Alirudi kwenye gari, akaondoka bila hata kuingia kwenye chumba chake cha zamani.

Milisav akanifuata mpaka getini kwangu.

"Amekula," akasema.

"Ulitaka afanye nini? Ulimpa, akala!"

"Nilitaka anirushie sinia! Aniambie, we mzee una wazimu, mimi ni mgeni hapa? Slavka angenirushia. Mimi ningecheka, na yeye angecheka, na ingekwisha."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Kwani yeye alisema?"

Nikampigia Neda akiwa njiani, amesimamisha gari pembeni. "Nilisubiri acheke, shangazi," akasema. "Nilikula polepole kusudi. Angecheka tu, ningemwangukia shingoni." Nikampa kila mmoja maneno ya mwenzake, neno kwa neno, siku ile na siku zilizofuata. Kila mmoja alisikiliza hadi mwisho, akanishukuru, akajibu sawasawa na mwenzake: basi aanze yeye.

Majira ya joto yakapita hivyo. Neda akapata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko huko Hungaria. Plamu zikaiva, Milisav akapika jamu nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula. Kisha msimu mpya wa mpira wa mikono ukaanza, na Jumapili ya kwanza, mchana, akanigongea mlango. Hakuwa amenyoa.

"Jirani, kile kiboksi bado unacho?"

"Ninacho. Unataka cha nini? Neda hadaki tena, Milisav. Golini kuna msichana mwingine."

"Najua."

"Sasa?"

Alijikuna kidevu, akatazama pembeni. "Mechi za nyumbani kamera huwa inapita kwa watazamaji. Ikitokea goli, au mtu akiumia. Inapita taratibu kabisa, unaweza kuona sura ya mtu. Anakaa karibu na ukumbi, si ndiyo? Ataenda kuwatazama wenzake. Mtu hawezi kuacha hivi hivi."

Wiki moja kabla yake Neda alikuwa ameniambia kwamba tangu siku ile ya mwisho hajakanyaga ukumbini. Hata barabara ile haipiti; anazunguka nyuma ya kituo cha treni ili asilione paa. Hilo sikumwambia Milisav. Nilichukua kiboksi, nikavuka naye barabara, nikachomeka, nikachagua Hungaria, na yeye akavuta pazia.